Jumatano, Nyuma ya Ghala

Chumba tumeazimwa na chama cha msingi,
nyuma ya ghala la korosho, Newala.
Kinanuka magunia na dawa ya panya.
Kuna kalenda ya mwaka juzi
ambayo hakuna aliyeona sababu ya kuibandua.
Viti tisa vya plastiki. Kimoja kina ufa,
kinamfinya paja atakayechelewa.

Dada Editha ana daftari asiloandika.
Siku ya kwanza alitupa sheria mbili:
anayesema asikatizwe,
anayenyamaza asiulizwe.
Ya tatu aliongeza Mama Nampota mwenyewe:
"vumilia" ivuliwe mlangoni pamoja na viatu.

Mimi nilikaa karibu na mlango.
Wiki tano nilizungumzia bei ya maji tu.
Ndoo ilikuwa mia tano, sasa mia saba,
bomba likikatika mwenye toroli anataka elfu.
Walinisikiliza kama wanaosikiliza taarifa ya habari.
Hakuna aliyesema, Binti Chilumba, hatukujia hayo.
Sasa najua walikuwa wakinisubiri nipake majivu.
Mbanguaji hupaka mikono kwanza,
ganda lina mafuta yanayochubua,
na mwenye akili hamwambii harakisha.

Somoe alikuwa akisema ametupa kisogo,
kiti chake kikitazama ukuta.
Tukajifunza kusoma mgongo:
bega likipanda, ni baba wa kambo;
likishuka, ni yule wa Masasi;
lisipotikisika kabisa, ni huyu wa sasa.

Na Agripina, siku ya mvua, alisema:
"Mara ya kwanza unamlaumu mtu.
Ya pili unalaumu nyumba, unahama.
Ya tatu unajinusa.
Nina nini mwilini kinachowaita?"
Hatukumjibu.
Kila mmoja alikuwa ameshainamisha pua
ndani ya kanga yake.

Ilikuwa msimu, kesho yake mnada.
Ng'ambo ya ukuta makuli wanapakia lori.
Gunia likaponyoka.
Puu!

Tukainama. Sote, kwa mpigo mmoja:
mikono utosini, viwiko vimeziba masikio,
kidevu kifuani,
kama wari wa kungwi mmoja
katika unyago ambao hakuna aliyeomba kuchezwa.

Nikafungua jicho moja.
Vitambaa saba vya kichwa chini, changu cha nane.
Na cha tisa:
dada Editha, daftari limedondoka,
kurasa zake nyeupe zimefunguka sakafuni.

Hatukumwuliza. Sheria ni sheria.

Kisha Mama Nampota akasema, "Jamani, si korosho hizo!"
Kicheko kikatushika vibaya, cha kuumiza mbavu,
mpaka kile kiti chenye ufa kikamaliza kupasuka
na Agripina akawa chini, miguu juu,
akilia na kucheka, hajui kipi ni kipi.

Hapo nikasema. Nilianza na maji, nimezoea.

"Ndoo," nikasema.
"Nilikuwa napanda nayo kutoka bondeni alfajiri,
ukungu haujanyanyuka.
Naitua uani. Anaitazama.
Anaisukuma kwa mguu, taratibu,
kama mtu anayenyeshea mchicha.
Kisha anatazama saa.
Nirudi bondeni, na nipande tena
kabla mshale haujafika pale anapotaka yeye."

"Mara ngapi kwa siku?" Somoe aliuuliza ukuta.

"Siku moja, mara nne.
Aliyemtangulia alikuwa hamwagi maji.
Alikuwa akifunga mlango tu na kuweka ufunguo mdomoni.
Na kabla yao, mjomba.
Huko sijafika."

Kimya. Lori likaondoka.
Mtu akavuta kamasi, nadhani ni mimi.

Somoe akageuza kiti. Robo tu.
Kwa mara ya kwanza nikaliona shavu lake:
lina kidoti cheusi, kama punje ya ufuta,
na wiki zote hizo sikujua.

Huko sijafika.
Jumatano ijayo, huenda nikazungumzia maji.